Siku Kumi na Sita za Mama Ndoo

Jumatatu, 3 Machi

Masika yameingia leo bila kupiga hodi. Nimefika kazini viatu mkononi na daftari hili ndani ya mfuko wa nailoni. Nataka kuandika kila siku hadi mvua iishe, nione kama naweza kumaliza kitu nilichokianza.

Chumba changu kiko nyuma ya bohari ya magadi. Kina skrini mbili. Moja inaonyesha kamera za mageti, nyingine ni nyeusi yenye maandishi meupe, na kwenye hiyo nyeusi ndipo kazi yangu ilipo. Kiwanda chetu cha sabuni kina watu mia moja na arobaini, kila mmoja ana kadi yenye namba, anayoigusisha kwenye kisomaji cha getini. Naandika mstari mmoja, mathalani *onyesha 41 wiki*, nabonyeza, naambiwa mwenye kadi hiyo aliingia saa ngapi, kwa geti gani, na ni milango ipi anaruhusiwa kufungua. Programu hii niliiandika mwenyewe mwaka jana. Haina picha wala vitufe vya rangi. Bosi wa utumishi kila akiitazama huniuliza kama kompyuta imeharibika.

Siandiki haya kujisifu. Haya, najisifu kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Bosi wa utumishi ametukusanya kantini. Wafanyakazi humwita Bwana Orodha. Ama hajui, ama anajua na jina linampendeza. Amesema wakurugenzi wanataka watu watatu wapunguzwe, na yeye hataki lawama za kupendelea. Kuanzia Jumatatu hii iliyopita hadi tarehe 14 Aprili kuchelewa kutahesabiwa, na watatu wa mkiani wataondoka. "Mashine haina mjomba," alisema, akaninyooshea mkono mimi.

Watu wote waligeuka kunitazama. Niliona fahari. Naiandika kama ilivyokuwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Umeme umekatika mara mbili.

Jumatano, 12 Machi

Nimetoa orodha ya kwanza. Kaka yangu yuko mkiani: siku nane za kazi, amechelewa sita.

Kaka anafanya kazi bohari ya magadi, ukuta mmoja na mimi. Ndiye aliyenilea baba alipofariki, na ndiye aliyemwendea bosi miaka mitatu iliyopita akasema ana mdogo wake anajua kompyuta, ajaribiwe wiki moja. Bila yeye nisingekuwa na kiti hiki. Nilimfuata nyuma ya mapipa nikamwonyesha karatasi. Hakushtuka. Alisema wifi yangu ana ujauzito mgumu, kila asubuhi anampeleka kliniki, na kliniki haijali saa mbili ya kiwanda. Nilimuuliza kwa nini hakuomba ruhusa. Akasema akiomba ruhusa kipindi hiki anajiandikia barua ya kuondoka.

"Mdogo wangu," alisema, "damu ni nzito kuliko maji. Sikuombi kitu. Nakuambia tu."

Heri angeniomba. Ningepata cha kukataa.

Alhamisi, 13 Machi

Programu yangu inaruhusu marekebisho, kwa sababu kadi husahaulika na watu hutumwa nje. Lakini haikubali bila sababu. Niliiwekea sharti hilo mwenyewe, kwa ajili ya uaminifu. Leo nimeandika, kwa kadi ya Kaka:

*rekebisha 58 tarehe 12 saa 1:50 sababu "alipita geti la chini, kisomaji kibovu"*

Ikajibu: *Imerekebishwa.* Basi. Haikuguna wala kuuliza.

Geti la chini nililichagua kwa kuwa karibu hakuna anayelipita. Wafanyakazi wote huingia kwa geti kubwa. Chini anapita Mama Ndoo peke yake, yule mama wa usafi wa zamu ya alfajiri, kwa kuwa stoo ya ndoo na madekio iko huko.

Kisha nikarekebisha na siku nyingine tatu. Mkono ukishazoea hausikii uzito.

Jumatano, 19 Machi

Mvua kubwa. Kaka amefika saa tatu na robo. Nimerekebisha.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Nimerekebisha.

Alhamisi, 27 Machi

Mama Ndoo amekuja mlangoni kwangu na dekio mkononi. Hakuingia, alisema sakafu yangu kavu na miguu yake ina matope. Amesikia kwa watu kwamba yuko kwenye orodha, wa tatu kutoka chini, na hajui amefikaje huko, kwani zamu yake inaanza saa kumi na mbili na yeye hajawahi kuikosa. Kwa maoni yake kile kisomaji cha geti la chini kina ugonjwa mvua ikinyesha.

Kisomaji kibovu, geti la chini: ni maneno yangu mimi, niliyoyaandika mara tisa kwa ajili ya Kaka. Nilijua tu kwamba nimefumaniwa. Huyu amesoma skrini yangu akipiga deki, sasa anautumia uongo wangu kujiokoa, au ananichokonoa nijue kwamba anajua. Nilimtazama machoni nikaona ujanja.

Alisema nimuulize mlinzi wa geti, yeye humwona kila siku.

"Mama," nilimwambia, "mashine haikosei. Jitahidi kuamka mapema."

Aliitikia, "Sawa, mwanangu," akaondoka. Sikumuuliza mlinzi.

Jumatano, 2 Aprili

Bwana Orodha amesoma majina kantini wakati wa chakula, watu wote wakisikia, eti wenye kujirekebisha wajirekebishe. Wawili wa kwanza hakuna aliyewashangaa: dereva wa foko, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, anayekuja akijisikia, na yule wa kubandika lebo ambaye nadhani hata nyumbani kwake huchelewa. Wa tatu Mama Ndoo, siku kumi na moja.

Mama Ndoo alisimama. Alisema kwa adabu kwamba hajachelewa hata siku moja, kisomaji cha chini ndicho kibovu. Bwana Orodha akanigeukia, kijiko kikiwa bado mkononi mwangu.

"Kisomaji cha geti la chini ni kibovu?"

Kaka alikuwa ameketi meza ya pili. Aliinamia sahani yake.

"Hapana," nilisema. "Ni kizima."

Mtu mmoja wa mitamboni akasema kibovu ni kitanda cha Mama Ndoo, kinakataa kumwachia. Watu walicheka hadi wengine wakapaliwa. Na mimi nilitabasamu, nilihisi kabisa mashavu yangu yakitabasamu. Mama Ndoo aliketi, akakunja leso yake mara nne, akaendelea kula.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Nimerekebisha.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Nimerekebisha. Kaka ameniletea mahindi ya kuchemsha. Nimeyala.

Jumanne, 15 Aprili

Orodha ya mwisho. Dereva wa foko siku ishirini na mbili. Wa lebo ishirini. Mama Ndoo kumi na sita. Wa nne ni mpima mizani, saba. Kaka anaonyesha nne; za kweli ni kumi na tisa, na marekebisho kumi na tano ni ya mkono wangu.

Kufunga kadi ni kazi yangu pia. Nilifunga za wale wawili, kisha ya Mama Ndoo: *funga 117 milango yote*. Programu huuliza: *Una hakika? ndiyo/hapana*. Swali hilo nililiweka mwenyewe, ili mtu asifunge kwa bahati mbaya. Niliandika ndiyo. Barua watapewa kesho wakifika.

Jumatano, 16 Aprili

Nilikuwa nimewahi. Saa kumi na mbili kasorobo Mama Ndoo alitokea kwenye kamera ya geti la chini, mwavuli umevunjika ubavu mmoja. Aligusisha kadi, taa nyekundu. Akaifuta kadi kwa kitenge, akagusisha tena. Nyekundu. Aliigeuza upande wa pili, akajaribu tena. Mlinzi alitoka kibandani, akasema naye kitu, akampa bahasha. Akaisoma mvuani, kisha akagusisha kadi mara ya nne.

Mlinzi alitazama kamera. Najua hanioni, lakini nilisogeza kiti.

Ijumaa, 18 Aprili

Sikuandika kitu jana. Leo pia sina.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nitaandika yote, hata nikichoka.

Usiku mvua ilifurika barabara, geti kubwa likawa bwawa. Mlinzi alituelekeza tupite geti la chini. Nikagusisha kadi, kijani, nikaingia. Nina hakika ilikuwa saa moja na dakika tano, maana mlinzi alikuwa anasikiliza redio na ndiyo kwanza taarifa ya habari ya saa moja ilikuwa imeanza.

Mchana nikajitafuta kwenye skrini, bila sababu maalumu. *Onyesha 9 leo.* Ikajibu: *geti la chini, saa 2:20. Amechelewa.*

Nilicheka kwanza. Halafu nikaacha kucheka.

Waya wa geti la chini unapita juu ya mfereji, na mvua ikiwa kubwa unakata mawasiliano. Kisomaji hakifi, kinakumbuka kadi, kinafungua, kinahifadhi saa. Waya ukirudi kinatuma yote kwa mkupuo. Na programu yangu, niliyoiandika kwa mikono yangu nikajisifia, haichukui saa ya mtu kugusisha kadi. Inachukua saa ambayo taarifa imenifikia. Ni mstari mmoja. Nimeusoma mara mia bila kuuona.

Niliuliza kumbukumbu za kisomaji chenyewe, siku kumi na sita za Mama Ndoo, moja moja. Kumi na mbili kasorobo. Kumi na mbili kasoro dakika kumi. Kumi na mbili kasorobo. Kumi na moja na nusu, siku ile ya mafuriko ya kwanza, pengine aliogopa njia kuharibika. Hakuchelewa hata siku moja. Kiwanda kizima sidhani kama kuna mwingine wa hivyo.

Alikuja mlangoni akaniambia ugonjwa na dawa yake. Nilimwona mjanja kwa sababu mjanja nilikuwa mimi. Kisomaji kibovu nilikibuni kwa ajili ya Kaka, kwa hiyo kilipoharibika kweli sikuamini. Na nilimwambia mtu mzima, anayetembea gizani kuja kutufagilia, ajitahidi kuamka. Nikikumbuka sauti niliyotumia natamani ardhi ipasuke.

Nikiripoti, Bwana Orodha ataomba kila mstari wenye maneno "geti la chini". Atakuta kumi na tano za Kaka.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua ndogo. Sijaripoti.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekwenda kwa Kaka kumjulia hali wifi yangu. Kaka hakuwepo. Nilimuuliza wifi kliniki ya kila asubuhi inamchosha kiasi gani. Alinishangaa. Kliniki ni mara moja kwa mwezi, alisema, na huenda na dada yake. Kaka huondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu kila siku. "Kwani hafiki?" aliniuliza.

Nilisema anafika.

Nikapita mtaa wa maduka ya vipuri, nikamkuta chini ya turubai anacheza drafti. Mwenye duka alinitania kwamba kaka yangu ni mpangaji wake wa asubuhi, bila mchezo mmoja hawezi kwenda kazini. Kaka alicheka pia, kisha akaniona usoni akaacha.

Nilirudi nyumbani nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeripoti. Ila mtu anisome vizuri kabla hajanipongeza: kabla ya kwenda kwa bosi niliingia kwenye zile siku kumi na tano za Kaka, nikafuta "geti la chini, kisomaji kibovu", nikaandika "alitumwa nje kikazi". Ndipo nikabeba karatasi za Mama Ndoo.

Bwana Orodha alisoma, akavua miwani, akasema hiki ndicho anachokipenda kwangu, uaminifu. Mama Ndoo arudishwe kesho. Nikashukuru. Nikafika mlangoni, akauliza, "Sasa wa nne ni nani?"

Sikumwelewa.

"Nafasi ni tatu. Huyu akitoka, anaingia anayefuata."

Nilikuwa nimehesabu kila kitu isipokuwa hilo. Nilimtajia mpima mizani.

Jumanne, 29 Aprili

Mama Ndoo amerudi. Alikuja moja kwa moja kwangu, safari hii akaingia, akanishika mikono yote miwili. Alisema amewaambia wanawe kwamba kuna binti kazini aliyesimama upande wake wakati dunia nzima imempa kisogo. Ameniombea. Alisema hivyo mara mbili, ameniombea.

Mikono yake ina mipasuko ya sabuni. Nilishindwa kuitoa yangu.

Jumatano, 30 Aprili

Mpima mizani amepewa barua. Ana mguu mmoja mfupi na baiskeli isiyo na breki, na mvua ikinyesha huisukuma. Siku saba. Hakubisha. Alikuja kuniuliza kadi airudishe kwangu au getini.

Ijumaa, 2 Mei

Jana ilikuwa sikukuu, nikamwendea Kaka. Nilimwambia nimechoka kuwatoa watu mmoja mmoja ili yeye acheze drafti. Nilitegemea atapandisha hasira. Hakupandisha. Alisema tangu walipomweka chini ya msimamizi mwenye umri wa mtoto wake, miguu inakuwa mizito akikaribia geti, na pale kwenye drafti hakuna anayemwamuru. Alisema alijua nitamshikia. Hakusema anashukuru, alisema alijua.

"Ungeniambia hilo," nilimwambia. "Kwa nini ulimtumia wifi na mtoto ambaye hata hajazaliwa?"

"Kwa hilo la drafti ungenishikia?"

Naogopa ningemshikia.

Nilimwambia leo naandika siku zake za kweli. Aliniambia nifanye ninaloona, ila nisije kwake kwa muda. Wifi alikuwa mlangoni. Amesikia yote.

Leo saa tatu asubuhi nimerudisha mistari kumi na tano. Kwenye sababu, kila mmoja, nimeandika: "nilidanganya". Kisha nikaenda kwa bosi.

Jumatatu, 5 Mei

Bwana Orodha alizilalia karatasi zangu siku tatu. Leo ameniita akafunga mlango. Nilikuwa nimevaa nguo ya kuondokea kabisa.

Amesema Kaka ataandika barua ya kuacha kazi kwa hiari. Mpima mizani atarudi. Na mimi nibaki. Wakurugenzi wakisikia orodha ilichezewa, wa kwanza kuulizwa ni yeye aliyejigamba kwamba mashine haina mjomba. Na isitoshe, nani mwingine anaijua ile skrini nyeusi? Tuseme ilikuwa hitilafu ya mvua. Kosa la programu nimeshalitengeneza, marekebisho kuanzia sasa yatapita kwake, basi yaishe.

Nilimwambia nastahili barua. Akasema kustahili si kazi yangu, kazi yangu ni kuhesabu.

Nimetoka humo nikiwa mtu mwenye kazi na sifa njema. Kantini wananiita mkombozi wa Mama Ndoo. Sina pa kuuweka uso.

Jumanne, 6 Mei

Nimemfuata Mama Ndoo stoo ya ndoo. Alikuwa anakamua matambara. Nilimwambia yote tangu mwanzo: Kaka, sababu niliyoibuni, namna nilivyomwona mjanja, kantini, kamera, sababu nilizobadilisha kabla ya kumtetea. Maji ya tambara yaliisha, akaendelea kulikamua.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

Nikamwambia ni bosi, kaka yangu na mkewe.

"Na wale walionicheka?"

"Hawajui. Wanadhani ilikuwa mvua."

Alitundika tambara. "Mimi waliniita mvivu kantini, mbele ya watu. Wewe umekuja kuniambia stoo, tuko wawili. Hapana, mwanangu. Nenda ukaseme pale pale."

Nilimwambia bosi amekataza. Akasema hilo ni langu na bosi wangu.

Saa ya chakula nilisimama kantini. Nilisema Mama Ndoo hakuchelewa hata siku moja, na siku aliposema kisomaji ni kibovu nilimkana nikimlinda kaka yangu, ambaye nilimfutia siku kumi na tano. Nilisema na mpima mizani alitolewa kwa ajili hiyo hiyo. Nilisema nilitabasamu walipocheka. Bwana Orodha alikuwa mlangoni, amesimama na karatasi zake, na sikumwangalia ili nisinyamaze.

Yule wa mitamboni aliyesema habari za kitanda alitazama meza. Mpima mizani alisukuma sahani yake, akatoka nje. Nilisubiri mtu anitukane, ingekuwa nafuu. Watu walianza kula tena, taratibu, bila mazungumzo, na mimi nikaketi kwa kuwa sikujua kingine cha kufanya.

Mama Ndoo alinyanyuka, akachukua dekio, akaanza kusafisha matope ya viatu vyetu kutoka mlangoni kuja ndani. Alipita meza moja baada ya nyingine. Alipofika kwangu hakunitazama.

"Inua miguu," alisema.

Nikainua.